Kusalimia Chuma

Nilipokabidhi funguo za kabati langu la vifaa, vijana wa karakana mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Mmoja wenu, simtaji kwa sababu ana haya, alitaka nieleze jinsi nilivyopanda ngazi. Ngazi nilizopanda mimi zilikuwa za chuma, na nyingi nilizichomelea mwenyewe, kwa hiyo habari za vyeo tuziache. Mishahara nayo tuiache, nisije nikawaharibia siku. Nitaandika ninayoyakumbuka nikiwa nimeketi hapa nyumbani Budondo, chai ya maziwa mkononi, na hakuna mtu wa kunipigia kelele kwamba gesi imekwisha.

Wengi mnaniita Hajati ingawa Makka sijafika. Mlianza mara nilipoanza kuvaa miwani ya kusomea, nami nikanyamaza, maana heshima ya bure hairudishwi dukani. Jina langu ni Zaina. Baba yangu alikuwa dereva wa lori kutoka Mombasa, akafika Jinja, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Ndiyo sababu Kiswahili nilikikuta nyumbani, na ndiyo sababu nilipata kazi. Mtu aliyekuwa anafundisha uchomeleaji katika karakana yetu ya Kimaka, hapo Jinja, hakuwa na lugha nyingine ya kufundishia.

Mtu huyo alikuwa Afande Ochen. Alitoka kaskazini, alikuwa fundi wa jeshi mpaka akastaafu, na alikuwa mrefu kiasi kwamba mlango wa stoo ulikuwa umemwachia alama kwenye paji la uso. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, "nasema" moja kwa mimi, wewe na yeye, na mafundi wengi walikiokota kwake. Wazee wengi wa pale Jinja walikuwa wakisikia Kiswahili wanatafuta mlango, kwa sababu ya mambo ya miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Afande alilijua hilo, kwa hiyo alisema polepole na kwa upole, kama mtu anayembembeleza ng'ombe mkali wakati wa kukamua.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vyeupe. Sina la kujitetea. Afande alivitazama, akatuita wote kwenye vyuma vya kazi ya siku hiyo. Akatoa mfukoni mwa shati sindano ya kushonea iliyofungwa kwenye uzi mwekundu, akaining'iniza karibu na ukingo wa chuma. Sindano ikatulia. Kisha akauliza kwa sauti ya gwaride, "Chuma nasema nini?" Na wanaume wazima, wengine wana wajukuu, wakajibu kwa pamoja, "Nanyamaza, afande." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilipewa ufagio, nikafagia karakana mpaka hamu ya kucheka ikaniisha.

Ufagio si mwalimu mbaya. Nikifagia nilikuwa naona kila kitu kilichodondoka, na kilichodondoka kinaeleza kazi ilivyokwenda. Vijiti vya kuchomelea vilivyopata unyevu vinaacha makapi mengi. Fundi mwenye haraka anaacha vipande virefu vya vijiti, fundi mchoyo anaunguza glavu. Nilipopewa kijiti mkononi hatimaye, tayari nilikuwa nawajua wenzangu wote kwa takataka zao.

Sasa niwaeleze ile sindano, maana wengine mnaifanya kila asubuhi kama sala bila kujua maana. Ule ulimi wa moto kati ya kijiti na chuma si moto kama wa jikoni. Ni hewa iliyopashwa mpaka ikakubali kupitisha umeme, na wenye elimu wanaiita plazma. Popote umeme unapopita, sumaku inazaliwa kuuzunguka. Ulimi ukikutana na sumaku nyingine, zinasukumana, na kwa kuwa ulimi hauna mfupa, wenyewe ndio unaopinda. Sindano ikivutwa, ujue chuma kina sumaku; ikitulia, chuma kimenyamaza na unaweza kuwasha. Afande alinionyesha kwa msumari, waya na betri ya gari. Alizungushia waya kwenye msumari, msumari ukaokota pini. Akageuza waya kwenye betri, na kichwa cha msumari kilichokuwa kinaivuta sumaku ya spika kikaanza kuisukuma.

"Moto huu nafuata amri," aliniambia, "lakini hapana amri yako peke yako."

Nilidhani ni mchezo wa kuburudisha wakati wa chai. Kazi zetu za kila siku hazikuwa na mambo hayo. Tulichomelea matrela ya miwa, mageti, vinu vya kusaga posho, yaani unga wa mahindi, na vyuma vya malori yaliyokuwa yanaenda Kenya au yanatoka huko. Dereva mmoja wa Eldoret alitaka nimchomelee trela likiwa limejaa mayai, na akawa amesimama nyuma yangu akinihesabia kila cheche. Yeye ndiye aliyenifanya nijue vizuri kibano cha athi, kile kinachorudisha umeme kwenye mashine, kinapaswa kukaa wapi. Kiweke karibu kabisa na unapochomelea, juu ya chuma kilichosuguliwa kikang'aa. Ukikibana kwenye gurudumu kwa uvivu, umeme utapita kwenye beringi kutafuta njia ya kurudi, na beringi haisahau. Umeme ni lazima urudi ulikotoka, na ni juu yako kujua unarudi kwa njia gani. Mayai yalifika salama, ingawa dereva hakuniachia hata moja.

Kati ya mafundi wote, niliyeelewana naye zaidi alikuwa Mafabi. Alikuwa Mgisu wa juu huko Mbale, kwenye mgongo mmoja wa Mlima Elgon, mkata chuma hodari mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwa jirani anayeuza vyuma chakavu. R na l kwake zilikuwa ndugu wasiogombana. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, haraka. Mafabi alikuwa na haraka hata ya kupumzika.

Mwaka ambao mwanawe wa kwanza, Wafula, alikuwa anaingia imbalu, haraka hiyo ilizidi. Kwa wasiojua, imbalu ni tohara ya vijana wa Kigisu, na si jambo la kificho. Kijana anacheza njuga mapajani, anazunguka kwa jamaa zake wote, anapakwa unga wa ulezi, na ukoo mzima unamtazama kama anafaa kuitwa mwanamume. Kabla ya siku yenyewe inapikwa pombe ya ulezi, na kuna asubuhi ya kumimina maji juu ya kimea, kijana mwenyewe akiwepo. Kimea kikishapata maji, siku imefungwa. Haiahirishwi kwa mvua wala kwa msiba wa mbali.

Basi mvua ikasomba bomba la chuma lililokuwa linavusha maji ya chemchemi juu ya kijito hadi kwenye mgongo wa kina Mafabi. Hakuna aliyeumia, ila bomba lilikutwa chini kabisa limejikunja. Wanakijiji wakaileta kazi kwetu, na Mafabi hakuishia hapo. Alisimama mbele ya wazee wa ukoo akawaambia kwamba asubuhi ya kumimina maji, Wafula atakinga maji ya bomba, si ya kubebwa na akina mama kutoka kijitoni. Huko kwao baba asiyetimiza neno lake kwenye imbalu ya mwanawe hatozwi faini. Anatungiwa wimbo. Na nyimbo za imbalu zinaishi kuliko watu, zinaimbwa kwa wajukuu.

Afande magoti yalikuwa yamemchosha, akabaki Jinja. Alinikabidhi kazi mimi, akanipa na sindano yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongoza kazi ya mbali, na nilikuwa na furaha ya kipumbavu, nilikagua boksi la vijiti kila baada ya muda mfupi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Asubuhi ya kuondoka tuliyasalimia mabomba mapya uani kwa sindano, moja baada ya jingine. Yote yalinyamaza. Tukaanza kuyapakia kwenye lori kwa mabega. Yalikuwa mazito, na Mafabi akaona wakati unapotea. Jirani yetu wa vyuma chakavu alikuwa na winchi yenye sumaku kubwa ya duara, kama sufuria ya pilau ya harusi iliyofunikwa. Mafabi akaenda kumbembeleza. Punde mabomba yakawa yanaruka hewani na kulala kwenye lori bila jasho, na sisi wote tukapiga makofi. Mimi ndiye niliyepiga kwa nguvu zaidi.

Tulifika Mbale mchana, tukanunua unga na sukari kwenye maduka ya jumla, tukapanda mlimani. Mama yake Mafabi alitupokea kwa ndizi na kuku. Kesho yake tulikuwa na mchana mmoja tu wa kuchomelea, maana keshokutwa alfajiri ndiyo ilikuwa ya kumimina maji. Kwa kazi ya viungo vichache vile, mchana mmoja ulitosha na kubaki.

Tukayapanga mabomba juu ya nguzo, nikasugua midomo yake kwa grenda, nikaacha upenyo mwembamba wa kuingiza mshono wa ndani. Jenereta likanguruma. Nikashusha ngao ya uso na kuwasha.

Ulimi wa moto haukuingia kwenye upenyo. Ulipinda upande wa kushoto, ukalamba mdomo wa bomba moja, ukaanza kutema matone ya chuma kila mahali. Nikadhani ni mkono wangu. Nikawasha tena, ukapinda tena. Nikabadili kijiti, nikachukua kutoka boksi lililokaushwa vizuri. Nikapunguza umeme, nikauongeza. Nikahamisha kibano cha athi kutoka kulia kwenda kushoto, ukapinda kidogo zaidi. Mshono uliopatikana ulikuwa kama uji uliomwagika, nikausugua wote ukatoka.

Katikati ya shida hiyo msafara wa Wafula ukapita. Njuga, filimbi, vumbi, kijana mwenyewe mweupe kwa unga tangu nywele mpaka kifuani. Alicheza mbele ya bomba kwa heshima, akamtazama baba yake, akalitazama na bomba. Shangazi yake mmoja, mama mwembamba mwenye sauti kali, alisimama akaangalia cheche zinavyotapakaa, akaanza kuimba jambo kwa Kigisu, na watu wakaitikia kwa kicheko. Nilimwuliza Mafabi anasema nini.

"Naimba kwamba Mafabi naleta mwanamke wa Jinja kutemea bomba mate," alisema. Hakucheka, na hiyo ndiyo ilinitisha.

Ikabidi nimpigie Afande. Simu za siku hizo zilikuwa hazipati mtandao mahali pale ila juu ya jiwe moja karibu na shamba la kahawa, tena ukisimama kwa mguu mmoja, au ndivyo walivyonidanganya. Nikasimama kwa mguu mmoja, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Nasalimia chuma?"

"Tulisalimia jana asubuhi, Afande. Vyote vilinyamaza."

"Mtu wewe nasalimia jana, leo napita yeye kama ng'ombe?"

Nilishuka jiwe lile mbio. Nikatoa sindano mfukoni, nikaining'iniza kwenye mdomo wa bomba. Haikusubiri. Iliruka ikang'ang'ania chuma mpaka uzi ukasimama mshazari. Mafabi aliiona, akaitazama, na taratibu nikaona uso wake unakumbuka ile sufuria ya pilau. Akaketi chini palepale kwenye matope. Sumaku ya jirani ilikuwa imeyageuza mabomba yetu yote kuwa sumaku, na pale penye upenyo, midomo miwili ikitazamana, ndipo nguvu yote ilipokusanyika. Ulimi wangu wa moto ulikuwa unasukumwa na mlango uleule ambao ulitaka kuupitia.

Nilikasirika, nisiwadanganye. Lakini hasira inataka nafasi, na sisi jua lilikuwa linatukimbia. Nikaukumbuka ule msumari wa betri. Kama waya wenye umeme unaweza kutengeneza sumaku, basi unaweza kutengeneza ya kupigana na hii. Nikachukua waya mnene wa mashine, nikauzungusha kwenye bomba karibu na kiungo, mizunguko kadhaa, halafu nikawasha.

Ikawa mbaya zaidi. Ulimi uliruka nje kabisa, ukavuma, ukazimika. Mafabi alijifunika uso kwa mikono miwili.

Mimi nikacheka. Nilicheka kuliko siku ile ya viatu vyeupe, na wale waliokuwa wakitutazama wakadhani jua limenipata. Nikamshika Mafabi bega nikamwambia, "Ndugu yangu, simama. Tukiweza kuiharibu zaidi, tunaweza na kuitengeneza. Tumezungusha upande usio wake tu."

Tukaufungua waya, tukauzungusha upande wa pili, idadi ileile. Nikashusha ngao na kuwasha. Ulimi ukasimama wima. Uliingia kwenye upenyo kama mtu anayeingia nyumbani kwake, chuma kikayeyuka pande zote mbili sawasawa, tundu dogo likatangulia mbele na mshono ukalifuata nyuma. Nimefanya kazi nyingi baada ya hapo, kubwa na za kusifiwa, lakini furaha ya dakika ile sijaipata tena na wala sidai. Nilikuwa naimba ndani ya ngao, taarabu za baba yangu, na jasho linaniingia machoni.

Kila kiungo tulikisalimia upya. Kingine kilikuwa kikali, kikataka mizunguko mingi, kingine kilitulia kwa michache, na mshono ulipoanza kuziba upenyo ilibidi tuupunguze waya maana sumaku nayo ilikuwa inapungua. Mafabi alikuwa anazungusha bila kuambiwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa hana haraka. Jua lilipoegemea mlima, tulikuwa tumemaliza.

Asubuhi ile ukoo mzima ulikuwa kwenye bomba. Mzee akafungua koki. Kwanza ikatoka hewa, ikapiga chafya, watu wakacheka. Yakatoka maji mekundu ya udongo. Halafu yakaja meupe, baridi ya mlimani, na Wafula akainama na mtungi wake akakinga. Mafabi alilia waziwazi mbele ya wazee, na hakuna aliyemtungia wimbo kwa hilo. Yule shangazi ilibidi abadilishe maneno. Wimbo mpya ulimhusu mwanamke aliyemfunga nyoka wa chuma kamba mpaka nyoka akatapika maji. Nasikia mpaka leo wanauimba. Mimi walinipa mrija wa pombe kwa heshima, nikaunyanyua juu wakanipigia vigelegele, halafu nikanywa soda yangu.

Miezi michache baadaye mke wa Mafabi akajifungua binti. Wakampa jina la ukoo, Nambozo, na mbele yake wakaweka Zaina. Katekista aliuliza jina la Kiislamu linafanya nini kwenye ubatizo. Mafabi akamjibu kwamba maji yale hayakumuuliza fundi ana dini gani, na katekista, ambaye naye alikuwa anaoga maji hayohayo, akaandika. Nilikwenda kumwona mtoto nikiwa sina zawadi ya maana, nikatoa mfukoni sindano ya Afande na uzi wake. Mama yake aliificha upesi, maana sindano si kitu cha kumpa mtoto mchanga. Afande alinigombeza kwa kuigawa, kisha akaniuliza mtoto ana afya gani, kisha akanipa nyingine. Ndiyo hiyo niliyowaachia, imetundikwa kwenye kabati. Afande mwenyewe alishatangulia, Mungu amweke pema.

Yule binti alisoma. Alisoma Mbale, akasoma Kampala, akaenda ng'ambo, na siku niliyowaaga mlikuwa wote mmezunguka simu yangu alipopiga, ila kelele zenu hazikuniacha nisikie vizuri. Jioni yake alinipigia tena, na hilo ndilo nililotaka kuwaandikia tangu mwanzo.

Huniita senga, yaani shangazi. Anafanya kazi ya injini ndogo zinazosukuma setilaiti kule juu. Hazitoi moshi, zinatoa mkia wa plazma, wa samawati, mzuri kama moto wa jiko la gesi. Wanazijaribu ndani ya tangi la chuma lililonyonywa hewa yote. Aliniambia kwamba ndani ya mkia ule kuna mikondo ya umeme inayokwenda na inayorudi, kila mkondo unatengeneza uga wake wa sumaku, na uga huo unaupindisha mkia wenyewe. Na ukuta wa tangi nao unaingilia, unaupa umeme njia ya mkato ya kurudi ambayo kule angani haipo. Wasipojua umeme unarudi wapi, wataisema injini vibaya kumbe kosa ni la tangi lenyewe.

"Senga," alisema, "ni bomba letu lile, ila hili halina maji."

Nilimwambia mimi nilijua kuzungusha waya tu, hayo ya hesabu ni yake na nayafurahia kwa mbali. Akasema subiri, tunawasha sasa. Akageuza simu. Niliona tangi kubwa kama nyumba, mitambo ya kupima kila kitu, na watu wa kila rangi. Kwenye mlango wa tangi ilikuwa imetundikwa sindano kuukuu kwenye uzi uliowahi kuwa mwekundu. Kijana mmoja mrefu, nywele zake kama ndevu za mahindi, aliishusha akaining'iniza karibu na ukingo wa chuma. Wote wakaacha walichokuwa wanafanya.

Kisha nikamsikia Zaina wangu akiuliza kwa sauti ya gwaride, "Chuma nasema nini?"

Na watu wale, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona Kimaka, wakamjibu kwa pamoja, kila mmoja na lafudhi ya kwao: "Nanyamaza, afande."